Kulala Loji na Kuzuru Viwanja vya Vita vya Taita Taveta

Barabara ya Voi kwenda Taveta ina kilomita 110 hivi, na asiyesimama huimaliza kwa saa mbili. Wengi huipita hivyo, macho yakiwa kwa Kilimanjaro kule mbele, wasijue kwamba kuanzia Agosti 1914 hadi Machi 1916 hapa ndipo majeshi ya Waingereza na Wajerumani yalipokabiliana katika Vita Kuu ya Kwanza. Mahandaki bado yapo. Kuta za ngome bado zimesimama. Makaburi yanatunzwa. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kulala huku nyikani na kuviona viwanja vyenyewe kwa mpango.

Kabla ya kupanga lolote, shika jambo moja: vita hivi vilifuata maji na reli. Nyika iliyo kati ya Maktau na mto Lumi ni kavu, na jeshi la maelfu haliwezi kukaa hapo bila kuletewa maji na chakula. Mwaka 1915 Waingereza wakaanza kujenga tawi la reli kutoka Voi kuelekea magharibi, likafika Maktau, likasogea Mbuyuni, na baada ya mapigano ya 1916 likapita kilima cha Salaita hadi Taveta na kuunganishwa na reli ya Wajerumani. Kila reli iliposogea, kambi ilisogea, na mapigano nayo yakasogea. Kwa hiyo tembea mashariki kwenda magharibi, kwa mfuatano uleule. Anayeanzia Taveta akirudi nyuma huona vilima tu. Anayeanzia Voi huelewa kwa nini watu walifia kila kilima.

Hatua ya 1: Hesabu siku, kisha chagua pa kulala

Lala siku tatu. Mbili zinawezekana, lakini utaacha ama Mwashoti na Maktau, ama vilima vya Latema na Reata. Kwenda na kurudi siku moja kutoka Mombasa hakufai: utafika Salaita jua likiwa utosini, na kilima hicho hakina kivuli cha maana.

Pa kulala pako pande tatu. Upande wa kati ni Taita Hills na Lumo. Loji mbili zinazojulikana zaidi, Taita Hills na Salt Lick, ziko ndani ya hifadhi ya kibinafsi kati ya Mwatate na Maktau; Salt Lick imejengwa juu ya nguzo, na tembo na nyati huja kunywa maji chini yake. Lumo, jirani yake, ni hifadhi ya jamii inayomilikiwa na wenyeji. Upande wa pili ni Taveta: nyumba za wageni mjini, kambi karibu na ziwa Chala, na mabanda ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kando ya ziwa Jipe. Upande wa tatu ni Voi, penye hoteli za kila bei karibu na stesheni, ila kila asubuhi utapoteza muda njiani kabla hujaona kitu.

Mpango bora ni kulala siku mbili za kwanza upande wa kati na ya tatu Taveta. Ukiwa huna uwezo wa loji, lala Mwatate mjini badala ya Voi. Tayari umepunguza njia.

Kabla ya kulipa, piga simu uulize haya, na majibu uyapate kwa maandishi:

- Bei ni ya kulala na kiamshakinywa, au na milo yote? Mchana utakuwa kilimani, kwa hiyo omba chakula cha mchana kifungwe cha kubeba. Loji nyingi hufanya hivyo, lakini jikoni wanataka kuambiwa jioni ya kuamkia siku hiyo.
- Kiingilio cha hifadhi kimo ndani ya bei? Kinahesabiwa kwa saa 24 au kwa kila kuingia? Swali hili ndilo linalowagharimu wageni wengi. Utatoka asubuhi kwenda vitani na kurudi jioni. Kama tiketi ni ya kuingia mara moja, utalipa tena langoni.
- Lango hufunguliwa saa ngapi? Unahitaji kuwa barabarani saa 12:30 asubuhi.
- Umeme ni wa saa zote, au kuna saa za jenereta? Betri za kamera na simu huchajiwa kwa ratiba hiyo.
- Je, wanaye mwongozaji anayejua viwanja vya vita? Anayejua wanyama peke yake hatoshi.

Mkenya na mkazi hulipa bei tofauti na mgeni wa nje, loji na mbugani pia, lakini ni kwa kuonyesha kitambulisho. Beba chenyewe, picha kwenye simu inaweza kukataliwa. Ada za KWS hazilipwi kwa pesa taslimu. Hulipwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, na ni busara kulipia ukiwa bado Voi penye mtandao mzuri. Anayetoka Tanzania huvuka Holili na kufika Taveta mara moja. Awe na pasipoti au hati halali ya kusafiria, na kama ana gari, bima inayokubalika ng'ambo ya mpaka.

Hatua ya 2: Msimu

Juni hadi Septemba ndio wakati mzuri: hewa ina ubaridi kidogo, nyasi zimelala, na mistari ya mahandaki inaonekana. Januari na Februari pia ni pakavu, ila joto ni kali. Februari ina maana yake kwa sababu mapigano ya Salaita yalikuwa tarehe 12 ya mwezi huo, na ukipanda siku kama hiyo mwili wenyewe unakueleza. Epuka masika, Machi hadi Mei. Barabara kuu ni ya lami, lakini njia za pembeni za kwenda kwenye ngome huwa utelezi, na majani hufunika kila kitu hadi usione handaki mpaka umetumbukia ndani yake.

Hatua ya 3: Usafiri na mwongozaji

Ukija kwa treni ya SGR, hakikisha tiketi yako ni ya treni inayosimama Voi, kwani si zote husimama. Kutoka Voi ziko matatu za Mwatate na Taveta, lakini matatu haikusubiri uzunguke makaburini. Kodi gari pamoja na dereva kwa siku nzima, mkubaliane mapema kuhusu mafuta, chakula cha dereva na pa kulala kwake. Gari dogo hupita barabara kuu bila shida. Kwa njia za Mwashoti na kwa kukaribia Salaita chukua gari lililoinuka, na gurudumu la akiba likaguliwe: miiba ya migunga hutoboa tairi hata la boda boda lililotoka dukani jana.

Usiendeshe usiku kati ya Mwatate na Taveta. Kuanzia Maktau barabara inapita katika eneo la Tsavo Magharibi, na tembo huvuka bila taa. Tembo wa rangi ya udongo mwekundu usiku haonekani mpaka umemkaribia mno. Panga kuwa lojini saa 12 jioni.

Mwongozaji wa kienyeji ni wa lazima kwa Mwashoti, Salaita na Latema. Alama za barabarani ni chache, baadhi ya njia hupita mashambani kwa watu, na mwenyeji anayejulikana hukuombea ruhusa kabla ya kuulizwa. Mpime kwa maswali mawili: mahandaki halisi ya Wajerumani pale Salaita yalikuwa juu au chini ya kilima? Na maji ya kambi ya Mbuyuni yalitoka wapi? Anayejibu chini, na Bura, anaijua kazi yake. Patana bei ya siku, wala si ya kila kituo.

Hatua ya 4: Mzigo

Maji lita 3 kwa kila mtu kwa siku, na lita 5 za ziada ndani ya gari. Viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, suruali ndefu nzito, soksi ndefu: kuna mbigili, kupe, na kifutu anayelala kwenye mawe ya mahandaki. Nguo ziwe za rangi ya khaki au kijani kilichopauka. Acha nyumbani bluu iliyoiva na nyeusi, kwa maana huvuta ndorobo, yule mbung'o wa Tsavo ambaye kuuma kwake hupenya shati. Mdudu huyu alibadili vita vyenyewe: farasi na nyumbu wa majeshi walikufa kwa wingi kwa ugonjwa wake, na mizigo ikahamia vichwani mwa watu. Tutarudi kwa watu hao.

Ongeza tochi, kofia pana, darubini ndogo, dawa ya kufukuza mbu (Taveta ina malaria, lala ndani ya chandarua, na dawa ya kinga uulize daktari kabla ya safari), na ramani iliyopakuliwa kwenye simu mapema. Mtandao hukatika Mbuyuni na nyuma ya vilima. Droni usibebe bila kibali cha mamlaka ya anga, na karibu na mpaka usiirushe kabisa.

Hatua ya 5: Siku ya kwanza, Voi hadi Maktau

Anzia makaburi ya Voi. Humo amezikwa Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Melbourne, Australia. Tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, kikosi chake kilivamiwa; alijeruhiwa mguu, na walipokuwa wakimbeba akaamuru aachwe pamoja na majeruhi wasioweza kuchukuliwa. Alipewa Victoria Cross, nishani ya ushujaa ya Waingereza, baada ya kufa. Ukipita Maktau mchana utajua jina hilo ni la nani.

Kama unamtafuta ndugu au jina fulani, fanya hivyo kabla ya kuondoka nyumbani: hifadhidata ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iko wazi mtandaoni na hukupa hata nambari ya kaburi. Andika nambari hiyo kwenye karatasi.

Kutoka Voi pitia Mwatate, kando ya mashamba ya mkonge, kisha uingie Mwashoti kuona ngome ya mawe ya Waingereza. Kuta hazikuunganishwa kwa saruji ya kisasa. Usipande juu yake wala kumkalisha mtoto kwa picha, jiwe moja likitoka mengine hufuata. Simama ukutani utazame kusini na magharibi. Utaona kwa nini walijenga hapa: nyuma yako kuna vilima vyenye chemchemi, mbele yako kuna nyika isiyo na kitu.

Maktau ifikie alasiri, jua likianza kulegea. Tafuta kwanza reli ya zamani, ndiyo itakayokuelekeza. Karibu nayo kuna makaburi ya askari wa Kihindi, sehemu ndogo ambayo wageni huipita bila kujua. Jeshi la Waingereza hapa lilikuwa na vikosi vingi kutoka India, na huwezi kuielewa Maktau kwa kusoma majina ya Kizungu peke yake.

Jioni lojini, sikiliza maelezo ya mapokezi mpaka mwisho. Ambapo hakuna uzio, usitembee gizani kwenda chumbani bila askari wa zamu, hata kama ni hatua ishirini. Funga madirisha unapotoka, kwa sababu nyani na tumbili wanajua begi lenye matunda. Lipa bili za ziada jioni hiyo hiyo na uagize chakula cha kubeba, ili asubuhi usikae mapokezi ukisubiri risiti huku ubaridi wa asubuhi unaisha.

Hatua ya 6: Siku ya pili, Mbuyuni na Salaita

Hii ndiyo siku yenyewe. Ondoka saa 12:30. Mbuyuni simama dakika ishirini tu: tarehe 14 Julai 1915 Waingereza walijaribu kuwaondoa Wajerumani hapa wakashindwa, kisha baadaye wakaweka kambi kubwa palepale, yenye maji yaliyoletwa kwa bomba kutoka Bura. Ukisoma habari za vita ukakuta kambi ya Serengeti, fahamu ni uwanda ulio huku huku kati ya Mbuyuni na Salaita, hauhusiani na mbuga ya Tanzania.

Kabla ya kuifikia Salaita, simamisha gari kilomita mbili au tatu upande wa mashariki. Piga picha za kilima sasa, jua likiwa mgongoni mwako. Hapa ndipo washambuliaji walipotokea asubuhi ya tarehe 12 Februari 1916: brigedi ya wanajeshi wapya wa Afrika Kusini, pamoja na vikosi vya Waingereza na Wahindi. Kilima ni kidogo, kinadanganya. Mizinga yao ilipiga mahandaki yaliyoonekana kileleni, nayo yalikuwa ya kuzugia. Mahandaki halisi yalikuwa chini, miguuni pa kilima, yamefichwa na vichaka, na humo walikuwemo askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani na bunduki zao za rashasha. Wa Afrika Kusini walirudi nyuma kwa vurugu. Kikosi cha Baluchi kutoka India ndicho kilichozuia askari hao wasiwafuate. Waingereza walipoteza watu 172, yaani waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, 138 kati yao wakiwa wa Afrika Kusini.

Ndiyo maana kosa kubwa la wageni ni kukimbilia kileleni moja kwa moja. Zunguka chini kwanza, taratibu, ukiwa na mwongozaji mbele, ukitafuta mistari ya mawe yaliyopangwa na mabonde membamba yasiyo ya maji. Kaa ndani ya handaki moja uangalie mashariki kwa usawa wa jicho. Halafu panda, nusu saa inatosha kwa mtu wa kawaida. Kileleni utaona umbali, lakini utakuwa umeshaelewa kwamba vita vilipiganwa pale ulipotoka. Shuka kabla ya saa 5 asubuhi.

Utaambiwa kuwa jina Salaita limetokana na neno la Kiingereza la kuchinja watu, kwa sababu ya vifo vya siku ile. Maelezo hayo hayasimami, maana Waingereza walikuwa wakikiita kilima hicho Salaita kabla ya shambulio. Kwa Wajerumani kiliitwa Oldorobo, na ni vizuri kulijua jina hilo kama unasoma kumbukumbu zao. Utaonyeshwa pia mbuyu unaosemwa kuwa mwanamke wa Kijerumani alijificha ndani yake akiwadungua askari. Ni masimulizi ya wenyeji. Yasikilize kama masimulizi.

Mchana nenda Taveta, pumzika, kula. Wajerumani waliuteka mji huu tarehe 15 Agosti 1914, mwanzoni kabisa mwa vita. Alasiri zuru makaburi ya kijeshi, penye mistari ya waliokufa Salaita na Latema.

Kisha hesabu wasiokuwepo. Wapagazi waliobeba risasi, unga na majeruhi katika vita hivi walikuwa mamia ya maelfu, na kumbukumbu rasmi za Waingereza zenyewe zinakiri vifo zaidi ya 40,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa. Karibu wote hawana jiwe. Jina la kikosi chao cha uchukuzi, Carrier Corps, ndilo lililobaki midomoni mwetu kama Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Mwaka 2021 tume ya makaburi yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba Waafrika hawakukumbukwa sawa na wengine. Mwambie mwongozaji akupe habari za wapagazi na Keya, askari wa King's African Rifles, kwa urefu uleule anaowapa majenerali. Wengine huziacha kwa kudhani mgeni hazitaki.

Hatua ya 7: Siku ya tatu, Chala na Latema

Asubuhi nenda ziwa Chala, ambalo liko ndani ya shimo la volkano mpakani. Mapema Machi 1916 Jenerali Smuts, kamanda wa majeshi ya Waingereza, aliwazungusha askari wake wapanda farasi kupitia huku, na Wajerumani wakaiacha Salaita bila kupigana tena. Tazama kutoka ukingoni. Usiogelee, ziwa lina mamba, na njia ya kushuka ni ya mwinuko mkali wenye kokoto zinazoteleza.

Latema na Reata ni vilima viwili magharibi ya Taveta, na kati yake kuna upenyo. Vita vyake vilianza mchana wa tarehe 11 Machi 1916 na kuendelea usiku kucha gizani kwenye vichaka. Kamanda wa Keya, Luteni Kanali Graham, aliuawa. Kabla ya alfajiri Smuts alikuwa ameshaagiza kurudi nyuma; kulipokucha ikaonekana kuwa vikundi vidogo vya askari wake vilikuwa bado vimeshikilia vilele, na Wajerumani wameondoka. Simama kwenye upenyo utazame pande zote mbili, kisha panda kimoja tu. Vichaka na mawe hufanya kupanda vyote viwili kuwa kazi ya siku nzima. Mpaka uko karibu. Tembea na kitambulisho, usipige picha za kituo cha forodha wala askari, na ukisimamishwa mwache mwongozaji azungumze kwanza.

Ukiona ganda la risasi, kopo la chuma au kifungo cha sare popote katika safari hii, usikiokote. Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya 2006 inalinda vitu vya kale na maeneo yake, na kitu kikishang'olewa mahali pake kimepoteza habari iliyokuwa ikisimulia nani alisimama wapi. Wauzaji wa vitu kama hivyo wakikujia, kataa, kwa sababu kila kinachonunuliwa hufanya handaki jingine lichimbuliwe. Kitu kizima chenye umbo la kombora usikiguse kabisa: rudi nyuma kwa njia uliyojia, weka alama mbali nacho, ukaripoti polisi. Kwa vingine, piga picha pamoja na kalamu au kiatu kuonyesha ukubwa, hifadhi mahali kilipo kwenye ramani ya simu, na upeleke taarifa kwa Makumbusho ya Taifa.